KOMPYUTA NAYO YAFANYA UFAHAMU

Nani kati yenu hajatokwa jasho kwa maswali ya ufahamu katika Karatasi ya Pili? Basi jueni hatuko peke yetu. Siku hizi hata kompyuta inatahiniwa!

Wahadhiri wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, wengine wa lugha na wengine wa kompyuta, walishirikiana kuunda hazina ya lugha inayoitwa Kencorpus. Matokeo waliyatoa mwaka wa 2022. Watafiti walitumwa vijijini, shuleni, kwa wachapishaji na kwenye vyombo vya habari. Walirudi na maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, pamoja na rekodi 1,152 za sauti, jumla ya saa 177. Si mchezo! Lugha zenyewe ni Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na katika Kiluhya walichukua lahaja tatu: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu.

Mtu atauliza, ya nini taabu yote hiyo? Kompyuta haijui lugha yoyote mpaka ionyeshwe mifano, tena mingi. Chukua sentensi hii: "Paa alitaka kupaa juu ya paa." Wewe unacheka na kuelewa. Mashine inaona paa, paa, paa. Lazima mtu aketi aionyeshe: hili ni nomino, hili ni kitenzi. Katika Kidholuo maneno 50,000 yalitiwa alama namna hiyo, na katika lahaja za Kiluhya 93,000. Kwa Kiswahili walitunga maswali na majibu zaidi ya 7,500 kutokana na matini, ndio huo ufahamu niliotaja.

Je, umeiangalia vizuri ile orodha ya lugha? Kimeru hakimo. Siwalaumu, kwani kila kazi huanzia mahali. Lakini iliniuma, nikasema hebu nijaribu mwenyewe. Likizo ya Aprili nilichukua simu ya baba nikamrekodi nyanya hapa Muthara akieleza jinsi walivyokuwa wakitunza mtama ghalani. Dakika tano tu. Kuziandika kulinichukua alasiri nzima! Kwanza, mvua ilikuwa ikipiga mabati, ikameza nusu ya maneno. Pili, Kimeru kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Zile mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, na simu haikuwa nazo. Nikaandika i na u tu, na kesho yake sikujua neno lipi ni lipi. Halafu binamu yangu wa Imenti akasikiliza, akaniuliza maana ya maneno mawili ya Kitigania ambayo mimi niliyadhania ya Kimeru chote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wale wahadhiri walitenganisha lahaja.

Jambo moja sikulifikiria kabisa. Nilipomaliza, nyanya aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo sauti yangu sasa inaenda wapi?" Nikamwambia haiendi popote, ni ya masomo. Akatikisa kichwa, akasema hadithi ya mtama naweza kuwapa watu, ila nikitaka nyimbo, nizime simu kwanza.