Usingizi wa Mtu wa Zamu

Katika ukanda wa dhahabu unaopita Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, anayelisha mawe kwenye karasha hupimwa kwa saa alizosimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, nayo huhesabu saa: 45 za kawaida kwa wiki, zisizidi 12 kwa siku hata pamoja na za ziada, mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Ni kinga ya lazima, lakini haitoshi. Mtu aweza kupewa saa zake zote na bado akawa hoi, kwa sababu mwili hujali pia saa zenyewe ni zipi. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri joto la mwili hushuka na macho huwa mazito, hata kwa aliyezoea. Akirudi asubuhi, analala chini ya bati linalochemka, usingizi ukikatikakatika. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hulegea kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na huyu wetu yuko mbele ya mtambo unaosaga mawe.

Mwenye mtambo atasema karasha likisimama hasara ni yake. Kweli, ila hakuna anayelitaka lisimame. Kiwanda cha madini cha Great Salt Lake, Utah, Marekani, nacho kilifanya kazi usiku na mchana. Zamu zilibadilika kila wiki kwa kurudi nyuma, mpaka Charles Czeisler na wenzake, walioandika matokeo mwaka 1982, wakazigeuza: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kila zamu wiki tatu. Mwili hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Wafanyakazi waliridhika zaidi, na uzalishaji ukapanda.

Wapo vibarua wanaoomba wenyewe zamu ndefu. Hao wanatafuta pesa ya kutosha, na dawa yake ni ujira, si kukesha. Hata penye watu wachache, kugeuza mwelekeo wa zamu kunahitaji karatasi ukutani tu, na kazi za hatari, kama kuchanganya sayanaidi ya kutenganisha dhahabu au kufungua mtambo ulioharibika, zinaweza kungoja pakuche.