Injini Ikilia, Usikimbilie Gerezani

Simamisha gari linalolia pale kwa mafundi wa Gerezani, Kariakoo. Dakika tano haziishi, umeshapewa magonjwa matatu, na kila tabibu ana duka la kukupeleka. Maneno ya huko bila shaka umeyasikia.

"Fundi kuweka bisibisi sikioni ni mbwembwe." Si kweli. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko hewani, na bisibisi inaokota zaidi mlio wa pale ncha ilipogusa. Nilimtazama mzee mmoja akianza na altaneta, mpini kaukandamiza kwenye mfupa mbele ya sikio. Basi la mwendokasi likapita, akangoja. Akahamia pampu ya maji, akafumba macho, kisha akaigonga kwa kucha: "Huyu hapa." Beringi nzima huvuma, iliyochoka husaga kama mchanga sufuriani. Ukijaribu, chunga mikono na mkanda unaozunguka.

"Injini ikigonga, weka oili nzito, itanyamaza." Si kweli, ingawa kunyamaza inaweza kunyamaza. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST nyingi, iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na mfumo wake wa VVT-i, unaopanga muda wa vali kufunguka, unategemea oili kupenya vijitundu vyembamba. Oili nzito ya SAE 40 inachelewa kufika juu ya injini asubuhi. Kelele zinapungua, chuma kinaendelea kulika. Kabla ya kununua chochote, vuta kijiti upime: injini hiyo inabeba takriban lita 3.7, na ikipungukiwa lita moja tu inaweza kuanza kulalamika.

"Cheni ya taimingi ni ya maisha." Si kweli. Inadumu kuliko mkanda, hilo nakubali. Lakini ukichelewesha kumwaga oili, cheni inarefuka na kikazio chake kinachoka. Utasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu ukiwasha asubuhi, kisha kimya.

"Mkanda ukipiga filimbi, paka sabuni." Si kweli, sabuni inauzidishia utelezi. Matone ya maji yanafaa, ila kama kipimo: filimbi ikizidi, mkanda umelegea, ikinyamaza kidogo ikarudi, huenda puli hazijanyooka.

"Gari likilia, tafuta injini nyingine." Si kweli. Simama, weka N, piga resi. Mlio ukipanda na resi, tafuta kwenye injini na vilivyofungwa juu yake. Ukisikika gari likitembea tu, anza na magurudumu. Klak-klak kwenye kona mara nyingi ni sivi jointi. Na kile kibati cha kuzuia joto kwenye ekzosi, kikilegea, kinalia kama debe la misumari. Dawa yake bolti moja.

Kuna mlio mmoja tu usioruhusu uchunguzi: kishindo kizito kinachopanda na resi huku taa nyekundu ya oili inawaka. Hapo zima mara moja, hata kama uko katikati ya Mtaa wa Msimbazi na nyuma wanakupigia honi.