Kitabu cha Tungo Katika Nyumba ya Makalasinga

Wapita njia wa Buxton huiona bendera ya Makalasinga ikipepea juu ya mlingoti wake, nao wakaenda zao. Kwa baadhi yetu ile ni nyumba ya masanamu, basi. Jina hilo haliistahiki. Ndani hamwabudiwi sanamu, mna kitabu.

Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, huwekwa mahali palipoinuka chini ya chandalua, hupepewa kwa usinga, na usiku hulazwa chumbani kwa heshima. Sisi tuliosoma vyuoni, tukafunzwa kutoliweka juzuu chini wala kulishika bila udhu, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya adabu hiyo. Mnamo 1708 Guru Gobind Singh, aliyekuwa wa kumi, aliagiza kwamba baada yake hapatakuwa na Guru mwanadamu. Kitabu ndicho Guru. Ndipo nyumba ikaitwa gurdwara, mlango wa Guru. Na wenyewe hujiita Sikh, yaani wanafunzi.

Linalomvuta mtu wa tungo ni hili: kitabu hicho, kurasa 1,430, ni mashairi, na sehemu yake kubwa imepangwa kwa mahadhi ya kuimbwa. Tena miongoni mwa watungaji yumo Sheikh Farid, sufi Mwislamu wa Punjab wa karne ya 12 na 13. Beti zake husomwa na kuimbwa humo hadi leo. Ni wangapi kati yetu walijualo hilo?

Reli ndiyo iliyowaleta wengi wao. Ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, kwa mikono ya vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Makalasinga walikuwamo: maseremala, wahunzi, waashi. Walikotua walijenga pa kukisomea kitabu chao. Gurdwara ya Makindu, iliyojengwa 1926 kando ya reli hiyo, dereva gani wa njia ya Nairobi asiyeijua? Msafiri hula bure, haulizwi dini. Karamu hiyo, langar, ni desturi tangu zama za Guru Nanak (1469–1539): wote huketi chini safu moja, ili tajiri asimpite maskini, wala wa tabaka la juu asimkimbie wa chini.

Masharti ya kuingia ni mepesi. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na tumbaku wala pombe. Wenye kofia za vito tumekwisha kulitimiza la pili kabla hatujapiga hodi.