Barbara Nowacka ni nani, waziri wa Poland aliyewahi kukosa bunge kwa chini ya nusu asilimia?

Wanafunzi wa shule za msingi nchini Poland wana sababu ya kulijua jina la Barbara Nowacka. Kuanzia Aprili 2024, watoto wa darasa la 1 hadi la 3 waliacha kupewa kazi za kuandika nyumbani, ukiondoa mazoezi machache ya kuzoesha mikono. Wa darasa la 4 hadi la 8 wanaweza kupewa, ila si lazima wafanye, na hakuna maksi.

Kanuni hiyo ilitoka kwake akiwa waziri wa elimu. Lakini siasa aliikuta nyumbani.

Mama yake, Izabela Jaruga-Nowacka, alikuwa mwanasiasa wa mrengo wa kushoto na mtetezi wa haki za wanawake, aliyefika hadi unaibu waziri mkuu mwaka 2004. Tarehe 10 Aprili 2010 alipanda ndege moja na Rais Lech Kaczyński kwenda Urusi, kuwakumbuka maofisa wa Poland waliouawa Katyn mwaka 1940. Ndege ilianguka Smolensk. Wote 96 walikufa. Binti yake alikuwa na miaka 34.

Mwaka 2015 Barbara aliongoza muungano wa vyama vya kushoto kwenye uchaguzi wa bunge, na hapo ndipo hesabu ilipomponza. Kwa sheria ya Poland, chama kinaingia bungeni kikipata angalau asilimia 5 ya kura. Muungano wa vyama unatakiwa upate 8. Wao walipata 7.55. Yaani wangejiandikisha kama chama kimoja tu, wangeingia bila shida!

Kura zao zaidi ya milioni moja hazikuleta hata kiti kimoja. Aliyefaidi ni Jarosław Kaczyński, pacha wa marehemu rais. Chama chake cha PiS kilipata chini ya asilimia 38 ya kura, lakini kikaondoka na viti 235 kati ya 460. Tangu ukomunisti uanguke mwaka 1989, hakuna chama kilichokuwa kimepata wingi huo peke yake.

Nowacka akahamia kwenye kukusanya saini. Mara mbili aliongoza kamati ya wananchi iliyopeleka bungeni mswada wa kulegeza sheria ya utoaji mimba. Mara ya pili, Januari 2018, ulikwama kwa kura chache huku baadhi ya wabunge wa upinzani, wengi wao wa Civic Platform, wakiwa hawakupiga kura kabisa.

Kinachoshangaza ni kwamba mwaka huohuo alijiunga na muungano uliokuwa ukiongozwa na chama hichohicho. Huenda 7.55 ilikuwa imemfundisha kitu. Mwaka 2019 akawa mbunge, na Desemba 2023 Donald Tusk akampa wizara ya elimu. Huko aliwaudhi maaskofu wa Katoliki kwa kupunguza vipindi vya dini shuleni kutoka viwili hadi kimoja kwa wiki.

Ila kwenye suala la mimba, kuwa ndani hakujasaidia sana. Julai 2024, mswada wa kuacha kuwaadhibu wanaomsaidia mwanamke kutoa mimba ulianguka bungeni: 218 walikataa, 215 waliunga mkono. Baadhi ya waliokataa walitoka upande wa serikali yake mwenyewe.