UA LA NYUMBANI NA DAWA YA SARATANI

Ukipita Tegeta, kando ya Barabara ya Bagamoyo, utaona wauza maua. Kati ya maua yao limo moja dogo, la waridi au jeupe, lenye petali tano. Halitaki maji mengi. Pengine liko hata mlangoni kwako. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Wataalamu huliita Catharanthus roseus.

Mwaka 1952 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika. Huko Jamaika watu waliyachemsha kutibu kisukari. Daktari Robert Noble aliyajaribu kwa wanyama. Sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu zilipungua sana. Katika saratani ya damu, chembe hizo huzaliana ovyo. Basi Noble na mwenzake Charles Beer wakaendelea kuchunguza, na mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Baadaye Wamarekani wakapata vinkristini katika ua lilelile.

Saratani ikiwa uvimbe mmoja, daktari anaweza kuukata. Ikisambaa mwilini, kisu hakitoshi. Hapo hutakiwa dawa ya kupita katika damu, izifuate chembe mbaya zilipo na kuzizuia zisiongezeke. Vinkristini hufanya kazi hiyo pamoja na dawa nyingine. Watoto wengi wenye uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Denis Burkitt wa Uganda mwaka 1958, wamepona kwa dawa hizo.

Je, uchemshe majani hayo unywe? Hapana! Kupata gramu 1 ya vinblastini hutakiwa majani makavu kama kilo 500. Vinkristini nayo ni kali mno. Mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwa sindano ya mshipa, na damu yake hupimwa. Katika sufuria yako zimo sumu nyingine nyingi, wala hakuna ajuaye kipimo chake.

Hatuwadharau waganga wetu. Muhimbili wanachunguza miti ya dawa tangu mwaka 1974. Lakini uchunguzi huchukua miaka, na uvimbe haungoji.

Ukiona uvimbe unaokua au kidonda kisichopona, nenda zahanati mapema. Ikibidi, watakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, hata Ocean Road. Kama umekwisha kunywa mitishamba, mwambie daktari bila aibu. Mchukulie na jani lake alione.