Fahamu: Titi kuvimba wakati wa kunyonyesha

Dalili zake

Mastaitisi, yaani uvimbe wa titi, huwapata zaidi akina mama katika wiki za mwanzo za kunyonyesha. Sehemu ya titi huwa ngumu, ya moto na yenye maumivu. Homa na kutetemeka huweza kufuata. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mama aguse titi, asitegemee macho peke yake.

La kufanya

Aendelee kunyonyesha. Maziwa hayamdhuru mtoto.

Kukanda titi kwa nguvu, jambo lililozoeleka mno, huumiza tishu na kuzidisha uvimbe. Kitambaa cha baridi na dawa ya maumivu kama ibuprofeni husaidia zaidi. Kukamua kupita kiasi nako huongeza maziwa na uvimbe.

Dalili zisipopungua ndani ya saa 24, aende kituo cha afya. Huenda akahitaji antibiotiki.