Sheria kwa Mlango wa Lugha: Jerome Cohen na Uchina

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu amekwisha kuzoea kuulizwa na jamaa zake, "Na ukimaliza, utafanya kazi gani?" Swali hilo si letu peke yetu. Mwaka 1960 mhadhiri mmoja wa sheria katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, alilazimika kulikabili, ijapokuwa yeye hakuwa tena mwanagenzi. Jerome Cohen, mzaliwa wa New Jersey mwaka 1930, alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akawa karani wa majaji wawili wa Mahakama ya Upeo ya Marekani, Earl Warren na Felix Frankfurter. Njia ya mtu wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kufyekwa: uwakili mkubwa, ujaji, pengine siasa. Yeye akapokea ufadhili wa Rockefeller Foundation, akaketi kujifunza Kichina akiwa na umri wa miaka 30. Wengi walimwona amepotoka.

Shaka yao ilikuwa na msingi. Marekani haikuwa na ubalozi mjini Beijing wakati huo, wala raia wake hawakuwa na ruhusa ya kuzuru Uchina. Zaidi ya hayo, Jamhuri ya Watu wa Uchina haikuwa na kanuni ya adhabu. Ya kwanza ilipitishwa mwaka 1979, ikaanza kutumika mwaka 1980. Je, mtu ataitafitije sheria ya nchi asiyoweza kuikanyaga, nayo nchi yenyewe haijaiandika sheria hiyo kwa ukamilifu?

Cohen alikwenda Hong Kong mwaka 1963 akakaa hadi mwaka uliofuata. Huko walikuwapo watu wengi waliovuka mpaka kutoka bara, miongoni mwao waliowahi kukamatwa na hata waliowahi kuwa polisi. Aliwahoji. Hakuwauliza tu sheria ilisemaje, bali yaliyotendeka: nani alikuja kukamata, nani alihoji, nani aliamua, na mtu alishikiliwa kwa muda gani. Matunda ya kazi hiyo, pamoja na nyaraka alizozitafsiri, yalitoka mwaka 1968 katika kitabu kinene kuhusu utaratibu wa jinai nchini humo kati ya 1949 na 1963. Kitabu hicho kilidhihirisha kwamba mahakama ilikuwa sehemu ndogo tu ya mambo. Kabla ya kumfikia hakimu palikuwa na kamati za mtaa, wasuluhishi, na polisi waliokuwa na uwezo wa kumweka mtu rumande hadi siku 15 pasipo kesi yoyote. Anayesoma sheria kwa kuzipekua kanuni peke yake asingaliyaona haya.

Ni katika msamiati ambapo mwanaisimu atafurahia zaidi kazi hii. Kichina kilikuwa na istilahi mbili zinazokaribiana sana, yaani laogai na laojiao. Ya kwanza ni marekebisho kwa njia ya kazi, na mtu aliifikia kwa hukumu ya jinai. Ya pili ni kuelimishwa upya kwa njia ya kazi. Ilianzishwa mwaka 1957, ikatolewa bila mahakama, na kisheria haikuhesabiwa kuwa adhabu ya jinai hata kidogo. Huenda aliyefungwa hakuiona tofauti, maana jembe ni lile lile. Hata hivyo, mfasiri akiziita zote mbili "kifungo cha kazi ngumu" atakuwa ameifuta hoja nzima, kwa kuwa dhuluma ya laojiao ilijificha ndani ya jina lake. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2013. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana, kwani Kiswahili chetu nacho hutenganisha kifungo na kizuizi. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa hukumu ya mahakama mwaka 1969, ilhali Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwaka 1977 pasipo kufunguliwa mashtaka. Kuta zaweza kufanana, lakini mmoja alijua siku ya kutoka na mwingine hakuijua.

Tangu mwaka 1964 Cohen alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alianzisha programu ya sheria za Asia Mashariki. Kufikia hapo angaliweza kutulia na vitabu vyake. Lakini swali gumu la taaluma ya namna hii ni hili: anayeitafiti serikali aseme nini anapoiona ikikosea, ilhali serikali iyo hiyo ndiyo inayompa viza? Alianza kwa kuisema serikali yake mwenyewe. John Downey, aliyesoma naye Yale, alikuwa gerezani Uchina tangu mwaka 1952. Marekani ilikana kwamba alikuwa jasusi. Cohen alishikilia hadharani kwamba Washington ikiri ukweli, na ukweli ulipokiriwa mwaka 1973, Downey aliachiliwa mwaka huo huo. Agosti ya mwaka 1973, mwanasiasa wa Korea Kusini Kim Dae-jung alipotekwa nyara katika hoteli mjini Tokyo, Cohen alimpigia simu Henry Kissinger kuomba aingilie kati. Kim alinusurika, na akawa rais mwaka 1998.

Kuhusu Uchina yenyewe, mizani ilikuwa nzito zaidi. Kuanzia mwaka 1979 Cohen aliwafundisha maafisa wa jiji la Beijing sheria za biashara kwa Kichina, akafanya pia uwakili kwa kampuni za kigeni zilizokuwa zikiingia huko. Si dhambi, ila ni vigumu kuwa mkosoaji na wakili wa wawekezaji kwa wakati mmoja, na sidhani kwamba maisha yake yalilitatua jambo hili kikamilifu. Baada ya mauaji ya Juni 1989 alirejea kufundisha, safari hii katika Chuo Kikuu cha New York, na sauti yake ikapanda. Mwaka 2012 mwanaharakati kipofu Chen Guangcheng alipokimbilia ubalozi wa Marekani mjini Beijing, Cohen ndiye aliyemshauri kwa simu, na Mei mwaka huo Chen akawasili New York kusoma. Cohen alifariki mwaka 2025, mwaka ambao kumbukumbu zake zilichapishwa.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha Taiwan. Annette Lu, aliyesoma sheria Harvard, alikamatwa Desemba 1979 baada ya kuhutubia maandamano mjini Kaohsiung, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu miaka 12. Mwaka 1985 Cohen alikwenda kumwona gerezani. Aliyemsindikiza alikuwa mwanafunzi wake mwingine wa Harvard, Ma Ying-jeou, ambaye wakati huo alifanya kazi katika ofisi ya rais wa serikali ile ile iliyomfunga Lu. Mwaka huo Lu alitoka. Mwaka 2000 akawa Makamu wa Rais wa Taiwan, na alipoondoka katika wadhifa huo tarehe 20 Mei 2008, aliyeapishwa siku hiyo kuwa rais alikuwa Ma.